Michemraba ya zege inapasuka upande mmoja: je, kasoro iko kwenye sahani za mashine?

Fundi wa Maabara, Embakasi

Habari zenu wataalamu. Mashine yetu ya haidroliki ilikuwa ya kuvuta nondo, na sasa tumeifungia sahani mbili za chuma ili tupime nguvu ya mgandamizo ya michemraba ya zege ya milimita 150. Sahani ya chini haisogei, na ile ya juu imeshikwa na tufe linaloiwezesha kuinama kidogo. Michemraba mingi inabomoka kona moja huku upande wa pili ukibaki mzima, na zege la mchanganyiko mmoja linatoa matokeo yanayotofautiana mno. Tufe hupakwa grisi nzito mara kwa mara ili lisikwame. Je, tununue sahani mpya, au tuweke kipande cha mpira kusawazisha nyuso?

Mhandisi, Kilimani

Ndugu yangu, kabla ya kununua chochote, ondoa grisi hiyo yote. Tufe linatakiwa kugeuka wakati sahani inapogusa sampuli, mzigo ukiwa bado mdogo, ili chuma kilale sawasawa juu ya zege. Baada ya hapo msuguano ulishike lisigeuke tena. Grisi nzito huuondoa msuguano huo, kwa hiyo upande dhaifu wa zege unapoanza kulegea, sahani huinama kuufuata na kuuponda. Kiwango cha Marekani cha ASTM C39, ingawa kinahusu sampuli za zege zenye umbo la silinda, kinaelekeza oili ya kawaida kama ya injini na kukataa grisi ya kuhimili shinikizo. Hakikisha pia kwamba mchemraba umewekwa katikati kabisa.

Mpimaji wa Zege, Ruaraka

Naunga mkono, na kuhusu mpira nakusihi usiuweke. Msuguano wa chuma huzuia zege kutanuka juu na chini, ndiyo maana mchemraba uliovunjika vizuri hupasuka pande zote nne na kubakiza umbo kama piramidi mbili zilizogusana ncha. Mpira laini hutanuka na kulivuta zege kando, likapasuka wima kabla ya kufikia uwezo wake, na mtu akaamriwa kubomoa nguzo isiyo na kosa. Mipira ya neoprini (mpira wa kutengenezwa kiwandani) inayowekwa kwenye ncha za sampuli za silinda ni jambo jingine, kwa kuwa hukaa ndani ya vikombe vya chuma vinavyoizuia kutanuka. Uso uliopitishwa mwiko uelekezwe pembeni, usiguse sahani.

Je, mashine hiyo ina uwezo gani? Kwa mfano, mchemraba wako ukiwa na nguvu ya megapaskali 30, utahitaji mzigo wa kilonyutoni 675 ili uvunjike.

Fundi wa Maabara, Embakasi

Asanteni sana. Uwezo wake ni kilonyutoni 1,000. Mzigo tuuongeze kwa kasi gani?

Mpimaji wa Zege, Ruaraka

Kiwango cha Ulaya cha EN 12390-3 kinataka megapaskali 0.6 kwa sekunde, kukiwa na nafasi ya 0.2 juu au chini. Kwa mchemraba wako, hiyo 0.6 ni kilonyutoni 13.5 kila sekunde, bila kusitasita hadi uvunjike.