Nimemaliza Land Rover, narudi kwenye visu: springi, tupa au chuma cha kuagiza?

Mpini_wa_Mpingo: Wakuu, habari za siku. Tangu 2021 sijatengeneza kisu hata kimoja. Nilizama kwenye Land Rover Series III aliyoiacha marehemu baba: fremu imeliwa na kutu, bodi mikunjo mitupu. Sasa inatembea. Nimeivalisha springi mpya pande zote, za zamani zimelala uani. Nataka kuanza na visu vya jikoni. Nifue springi hizo, nisage tupa kuukuu, au niagize mabapa ya 1084, chuma cha kaboni cha visu? Jiko la mkaa lenye feni ninalo. Oveni ni ya mke wangu, bado sijamwambia.

KoleoNaNyundo: Springi, mkuu! Mali iko uani unauliza nini? Springi nyingi za Kiingereza za miaka ile ni chuma chenye silikoni na manganizi, wanakiita EN45, kinapenda kuchovywa kwenye mafuta. Pande moja la springi lina upana wa inchi 2.5, kisu cha jikoni kinatoka na chenji inabaki. Lilainishe kwanza: lipashe hadi liwe jekundu, lifukie kwenye majivu usiku kucha, la sivyo utamaliza biti za drili. Wakati wa kutia matiko, yaani kukifanya chuma kigumu, pasha hadi sumaku isishike, ongeza moto kidogo, chovya kwenye mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Oili chafu ya gari achana nayo, moshi wake si wa kuvuta. Kisha oveni nyuzi 200, saa mbili, rudia tena.

Bint_Pwani: Kaka Koleo, umesahau nyufa. Mimi nilifua pande kuukuu siku nzima, nikalichovya, nikasikia "ti!" ndani ya ndoo. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ya katikati. Siku hizi nakata mbali na tundu, halafu nagonga pande likining'inia kwenye kamba. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya sufuria iliyopasuka.

Grinda_Kimyakimya: Tupa ni kwa asiyetaka kufua. Ila si kila tupa. Za bei rahisi nyingine ni ngumu juu tu, ndani laini. Saga meno sehemu moja, pitisha tupa nzuri hapo: ikiteleza, ngumu, ikila, itupe. Ipitishe kwenye oveni kabla ya kusaga, vinginevyo ikianguka sakafuni unaokota vipande viwili. Na usiruhusu makali yageuke bluu kwenye grinda, hapo umeshaua matiko.

Mzee_wa_Matiko: Mwanangu, agiza 1084, walau bapa moja. Usafiri utauma, lakini unajua umeshika nini: kaboni asilimia 0.84 hivi, haina mambo mengi. Umekaa miaka kwenye bodi. Pale ukikosea unapaka puti, unapiga msasa, unapulizia rangi, hakuna anayejua. Kisu hakina puti. Kikiharibika ukiwa na springi usiyoijua, utalaumu chuma au mkono?

Mpini_wa_Mpingo: Shikamoo mzee. Hilo la puti limenigusa, maana jana nilisaga kipande cha majaribio cha springi nikakuta nakandamiza grinda kama nasafisha fremu. Upande mmoja umebaki mnene, wa pili unakaribia karatasi. Nikakitia matiko hivyohivyo, nikakibana kwenye jiliwa na kukivunja nione chembe za ndani. Ndani kina chembe kubwa kama sukari.

KoleoNaNyundo: Moto ulizidi. Tatizo si springi.

Mpini_wa_Mpingo: Najua. Leo nimerudia jioni, giza likiingia ili niione rangi ya moto vizuri, sumaku mkononi. Kimevunjika kijivu, chembe ndogondogo kama kauri. Bapa moja la 1084 nimeagiza. Likiwa njiani naendelea kuvunja vipande vya springi. Na mama watoto ameuliza kwa nini oveni inanuka alizeti.

Bint_Pwani: Kisu cha kwanza mpe yeye, haraka.