Projekta ya "lumeni 9,500" nimeipima ikatoa 165. Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, nimepigwa. Naandika nikiwa bado na hasira na sitaki mtu anishauri nitulie kwanza, kwa sababu nilitulia wiki nzima nikimjibu muuzaji kwa adabu na hakuna nilichopata.

Nianze na sababu ya kuinunua, ili mjue kwa nini limeniuma. Mama yangu macho yamepungua nguvu. Anapenda tamthilia za kigeni, na bila sabtaito haelewi wanachosema. Kwenye TV yetu ndogo amekuwa akisogeza kiti mpaka karibu kugusa kioo, shingo imeinuka, kila baada ya dakika anavua miwani na kuifuta. Nikasema sitakubali aendelee hivyo. TV kubwa siiwezi kwa sasa, nikaona projekta ya bei nafuu ndiyo njia: ukuta mzima, herufi kubwa, yeye kwenye kochi lake, mgongo umeegemea. Nikajichanga miezi saba.

Boksi lilikuwa limeandikwa "4K Supported", "1080P", lumeni 9,500 (kipimo cha mwanga wote unaotoka), kontrasti 15,000:1 (tofauti ya nyeupe na nyeusi), taa ya kudumu saa 50,000. Nikafunga usiku, taa zote zimezimwa, mapazia yameshushwa, picha ya inchi 100 ukutani. Mama akakaa. Tamthilia ikaanza, sabtaito zikatokea. Akakaza macho, akasogea mbele kidogo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, herufi zimekuwa kubwa, lakini ni kama zimelowa maji." Halafu akanyamaza na kuendelea kutazama, maana aliona nilivyohangaika na waya tangu jioni. Ukimya ule ndio ulionikera kuliko yote.

Nikamwandikia muuzaji. "Ndugu mteja, punguza mwanga chumbani." Chumba kilikuwa giza. "Ndugu mteja, zungusha lenzi urekebishe fokasi." Nilizungusha mpaka vidole vikauma. Ukiiweka sawa katikati, pembe zote nne zinakuwa ukungu. Ukizisawazisha pembe, katikati kunaharibika. Na sabtaito zinakaa wapi? Chini kabisa, kwenye lile eneo ambalo lenzi ya plastiki haiwezi kulishika. Yaani sehemu niliyoinunulia mashine ndiyo mbovu kuliko zote.

Hapo nikaacha kubishana nikachukua rula. Mtu yeyote mwenye projekta anaweza kufanya hivi leo. Picha yangu ilikuwa na upana wa sentimita 220. Nikasogea ukutani kwenye sehemu iliyo safi, katikati, nikaona vile vinukta vya picha vimepangana kama wavu. Nikaweka rula, nikahesabu vinukta kumi: milimita 27 na nusu. Kila kinukta kina karibu milimita 3. Gawanya 2,200 kwa 2.75, unapata 800. Mashine iliyoandikwa 1080p ina pikseli 800 kwa upana, na ukipima kwenda chini unapata kama 450. Full HD ya kweli ni 1,920 kwa 1,080, pikseli zaidi ya milioni 2. Yangu haifiki hata laki nne. Ingekuwa Full HD, kila kinukta kwenye picha ya upana ule kingekuwa na milimita 1 na kidogo tu.

Nikahakikisha kwa njia ya pili. Kwenye kompyuta nilitengeneza picha ya 1,920 kwa 1,080 yenye mistari ya wima ya pikseli moja moja, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Projekta ya kweli ya kiwango hicho, ikiwa hujaibana picha kwa menyu ya kurekebisha pembe, inakuonyesha kila mstari ukisogea karibu. Yangu ilionyesha kijivu kitupu chenye mawimbi ya ajabu.

Sasa sikilizeni ujanja ulipo. Neno "supported" halidanganyi moja kwa moja, ndiyo maana wanalipenda. Maana yake ni kwamba ukiichomekea mawimbi ya 4K, yaani picha yenye pikseli mara nne za Full HD, kwenye HDMI, itayapokea. Ikishayapokea inayabana mpaka yaingie kwenye kile kioo chake kidogo cha ndani kinachotengeneza picha, na mengine inayatupa. Ni sawa na kusema kikombe "kinapokea" ndoo ya maji. Kinapokea, na yanayomwagika ni yako. Neno la kutafuta ni "native". Hiyo ndiyo idadi ya pikseli zilizomo kwenye kioo chenyewe. Kama maelezo ya bidhaa hayana mstari huo, au yameuficha chini kabisa baada ya orodha ya rangi za boksi, jua kwa nini umefichwa.

Tuje kwenye lumeni, ambako ndiko uongo umevuka mipaka. Rafiki yangu mpiga picha ana kipimo cha mwanga kinachosoma lux, akaniazima. Lux ni lumeni kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hesabu si ngumu. Kuna utaratibu unaojulikana tangu mwaka 1992, wa kiwango cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani: unawasha picha nyeupe tupu, unaigawa vyumba tisa, unapima katikati ya kila chumba, unachukua wastani, unazidisha kwa eneo la picha. Siku hizi kuna pia kiwango cha kimataifa, ISO 21118, kinachofanana nao. Hakuna siri. Nikapima usiku, taa zimezimwa. Katikati lux 92. Pembe ya juu kushoto 31. Wastani wa vyumba vyote tisa, 60. Eneo la inchi 100 ni mita za mraba 2.75. Jibu: lumeni 165.

Mia moja sitini na tano, wakuu. Boksi linasema 9,500. Wameongeza zaidi ya mara 57.

Nikamtumia muuzaji hesabu yote na picha za kipimo. Jibu: "Ndugu mteja, 9,500 ni mwanga wa taa ya ndani, si mwanga unaotoka." Kwanza, nani ananunua projekta ili aangalie taa ya ndani? Pili, hata hilo ni uongo, na kibandiko cha mashine yao wenyewe ndicho kinachowaumbua. Kimeandikwa wati 55. LED za projekta kama hizi kwa kawaida hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa wati. Chukua hiyo 150, ipe LED wati zote 55, nyima umeme feni, spika na saketi: 8,250. Taa ikiwa uchi, bila kioo wala lenzi mbele yake, bado haifiki namba iliyo kwenye boksi.

Na mwanga huo hautoki wote. Ndani ya projekta hizi za bei ya chini kuna kioo kimoja cha LCD, kama cha simu. Mwanga mweupe unapita kwanza kwenye chujio la kupolarisha, linaloruhusu mwanga unaotetema upande mmoja tu, zaidi ya nusu inaishia hapo. Kisha unapita kwenye vichujio vya rangi, kila kipande kinaruhusu nyekundu, kijani au bluu tu, kwa hiyo takribani theluthi mbili ya kilichobaki inageuka joto. Ndipo lenzi nayo ichukue chake. Siwalaumu kwa fizikia. Nawalaumu kwa kujua fizikia hiyo na bado kuchapa 9,500.

Msidhani ni mimi tu nakuza mambo. Epson, kampuni ya Japani inayotengeneza projekta, imewapeleka wauzaji kadhaa mahakamani Marekani kwa kosa hilihili la kutangaza lumeni za uongo.

Watu wanauliza kwa nini picha inafifia ukiwasha taa moja ndogo. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Nyeusi kwenye picha yako ni ukuta tu usiopigwa na mwanga, kwa hiyo ukuta ukiwa mweupe na taa imewaka, hiyo ndiyo "nyeusi" utakayoipata. Taa ya kawaida ya sebuleni inaweza kuumwagia ukuta lux 50, hata 100. Picha yangu nzima ina wastani wa 60. Ile 15,000:1 iliyo kwenye boksi iko wapi hapo?

Rudini mtazame picha za tangazo. Dirisha liko wazi, jua limeingia sebuleni, familia inacheka, na ukutani kuna picha inayong'aa kama TV mpya. Nilikuza picha ya tangazo la yangu: projekta imewekwa mezani lenzi ikielekea dirishani, na picha iko ukuta wa pembeni. Wamebandika tu kwa kompyuta, hata hawakujali kuigeuza mashine.

Na yale maoni ya nyota tano yaliyonishawishi? Nimeyasoma upya moja baada ya jingine. Karibu yote yameandikwa siku ya kupokea mzigo: "imefika salama, boksi zuri". Hakuna aliyerudi baada ya miezi mitatu.

Kuna suala la kuiweka mezani na kuiinamisha juu. Picha inapanuka juu kama ungo, unaambiwa tumia marekebisho ya pembe kwenye menyu. Nilitumia. Marekebisho yale hayasogezi lenzi, yanaibana picha ndani ya kioo kilekile, kwa hiyo pikseli nilizonazo, ambazo tayari ni chache, zikapungua tena, na pembeni kukabaki fremu ya kijivu inayowaka. Herufi za mama zikazidi kulowa. Ukiwa na mashine ya aina hii, ipandishe iangalie ukuta sawasawa, usiguse menyu ile.

Saa 50,000 sina haja ya kuzijadili sana. Ukitazama saa nne kila siku ni miaka 34. LED inaweza kuishi muda mrefu, ila kinachowahi kufa ni lile chujio la kupolarisha linalokaangwa na joto, likaacha doa la njano au jeusi katikati ya picha. Na kama njia ya mwanga haijazibwa, feni inavuta vumbi mpaka kwenye kioo. Yangu ina wiki ya pili, tayari kuna vidoa viwili vyenye ukungu vinavyoonekana kila tukio la usiku likija.

Programu za ndani nazo balaa. Netflix iliyowekwa ni ya simu, haina kibali cha kifaa kile, kwa hiyo inacheza kwa ubora wa chini hata kama unalipia wa juu. Ukirusha kutoka kwenye simu, sauti inakuja na picha nyeusi. Na mwezi Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vifaa vya nyumbani vinavyokuja na programu hasidi tangu kiwandani, mtandao wa BADBOX 2.0, na projekta zilitajwa kwa jina. Mimi nimeitoa yangu kwenye Wi-Fi siku hiyohiyo niliposoma.

Kwa anayetaka kununua asiuziwe mbuzi kwenye gunia kama mimi: mwandikie muuzaji maswali mawili tu kabla hujalipa. ANSI lumeni ngapi? Native ngapi? Akikujibu kwa "lumeni" bila ANSI, au akikutajia lux, au "LED lumeni", ondoka. Kwa chumba chenye giza na picha ya inchi 80, mimi sasa nisingeshuka chini ya ANSI 500, na kwa anayesoma sabtaito nisingekubali chini ya 1,080 native hata nikipewa zawadi ya skrini. Angalia pia umbali. Kama maelezo yanasema uwiano wa kurusha (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) ni 1.4, picha ya upana wa mita 2.2 inadai mita 3 na kidogo kutoka lenzi hadi ukutani. Pima chumba kwanza.

Kwa pesa ileile nadhani ningepata projekta iliyotumika ya kampuni inayojulikana, inayotumia taa ya balbu ya zamani badala ya LED. Taa zile huchoka baada ya saa elfu chache na kubadilisha ni gharama, lakini menyu inakuonyesha zimewaka saa ngapi, na mwanga ulioandikwa uko karibu na ule unaouona taa ikiwa mpya.

Aliyekwishanunua kama mimi apunguze picha. Kutoka inchi 100 kwenda 60, mwanga uleule unajaa kwenye eneo dogo, unaongezeka karibu mara 2.8. Nilijaribu, ikawa afadhali. Pembe bado ukungu.

Muuzaji amegoma kurudisha pesa, anasema "mashine inawaka, haina kasoro". Nimefungua malalamiko rasmi kwenye jukwaa nililonunulia na nimeambatisha picha ya rula, picha ya kibandiko cha wati 55 na zile namba tisa za kipimo. Nitaleta majibu hapahapa, yawe mazuri au mabaya.

Ninachoomba kwenu: mwenye projekta ya bei ya kawaida ambayo amekaa kwenye kochi akasoma sabtaito kwa macho yake, aandike modeli na umbali aliokaa. Msiniandikie kilichoko kwenye boksi. Mama amerudisha kiti chake mbele ya TV, na jana usiku nilimkuta ameshika miwani mkononi, anasikiliza tu.