Naomba ushauri: iafoni za kulalia zisizoumiza sikio kwa mtu anayelala ubavu

Popo wa Mabibo

Habari wakuu. Kazi yangu ni shifti za usiku, narudi nyumbani watu ndo wanaamka, na ninapopanga upande mmoja yupo fundi anachomelea mageti na upande wa pili kuna watoto wa chekechea wanaimba toka saa mbili mpaka karibu adhuhuri. Siwezi kugombana nao, kila mtu yuko kazini kwake. Kwa iyo nalala na iafoni, naweka sauti ya mvua au hadithi yoyote inayosomwa polepole, ndo usingizi unakuja.

Sasa shida, mimi nalala ubavu, chali siwezi kabisa. Hizi ndogo zisizo na waya zina kichwa kinatokeza nje ya sikio, nikigeuka mto unakisukuma ndani, naamka sikio linauma hadi kutafuna ni kazi. Nikizivaa legelege zinachomoka, hapo ni kuinua godoro na kukung'uta neti. Za waya sitaki, waya unanizunguka shingoni. Halafu chaji ikikaribia kuisha yule dada wa humo ndani anatangaza kwa Kiingereza kwa sauti kuliko hata grenda, usingizi kwishnei.

Bajeti elfu hamsini, nikibanwa sana sabini. Sitafuti besi, natafuta kitu nitakisahau kama nimekivaa. Nimeona mtandaoni za mkanda wa kichwani, ni za ukweli au mapambo? Niko Dar, joto mnalijua.

Spea za Sauti

Mkuu kwa anayelala ubavu usianze na jina la kampuni wala ubora wa sauti, anza na UNENE. Kitu chochote kinachotokeza nje ya sikio mto utakisukuma tu, hata kiwe cha milioni. Kwa iyo kwa hela yako jibu ni huo mkanda ulioutaja, sio mapambo. Ni kitambaa kinachovutika, ndani yake kuna vispika viwili bapa na kikasha kidogo cha betri na blututhi kinachokaa kwenye paji la uso. Wazo lenyewe lina miaka, Marekani kuna SleepPhones, zilianza 2007, aliyezibuni ni daktari anaitwa Wei-Shin Lai, wagonjwa walikuwa wanampigia simu usiku akishajibu usingizi haurudi, na hedifoni za kawaida hazilaliki. Hizi za Kichina tunazouza huku zimefuata mtindo uleule.

Vitu vya kuangalia. Kwanza vispika viwe vinasogezeka ndani ya kitambaa, maana masikio ya watu hayakai sehemu moja, ukikuta vimeshonewa humo achana nayo. Vibonyeze kwa vidole, vikiwa vinene utavisikia kwenye mto. Pili kitambaa. Kuna vya manyoya manyoya, hivyo waachie watu wa Njombe na Makete, Dar utaamka umelowa shingo nzima. Chukua cha wavu au kile cha nguo za mazoezi. Tatu zipu au tundu la kutolea vifaa, kwa sababu lazima ukifue, kitambaa cha jasho kichwani kila siku kitanuka ndani ya wiki.

Kuhusu huyo dada, kwa hizi za bei ya chini mara nyingi hamna namna ya kumzima, dawa ni kujaza chaji kabla hujalala. Mkanda wa kawaida ukiwa mpya unapiga masaa nane hadi kumi, usingizi wako unaisha kabla yake.

Ila nikwambie ukweli kabla hujatoa hela: mkanda HAUZUII kelele. Unakupa sauti yako juu ya kelele, basi. Watoto wa chekechea mvua itawafunika, grenda itapita.

Kamaa wa Ngara

Mimi niko Nairobi, nakubaliana na boss hapo juu lakini wacha niongeze kitu juu ya zile ndogo za kulalia kabisa, zipo bana. Bose walitoa Sleepbuds 2018, dola 249, na hazikuwa zinacheza muziki wako, ni zile sauti zao za mvua na mawimbi tu. 2019 wakaziondoa sokoni sababu ya shida ya betri na wakarudishia watu pesa, wakarudi na namba mbili 2020, hiyo pia sa hii hawatengenezi. Wenye wamebaki wanasukuma sana ni kampuni ya Anker, iafoni yao Soundcore Sleep A20 ya 2024 ilitoka ikiwa karibu dola 150. Hizo zinaingia zote ndani ya sikio hazitokezi, na zinaziba, kwa hiyo grenda kidogo inapungua. Uzuri ingine sauti za mvua unaziweka ndani ya iafoni zenyewe, simu inaweza kuzima na bado zinaendelea.

Lakini hiyo bajeti yako haifiki hata nusu, na ukipata mtu anakuuzia A20 kwa bei ya chakula cha mchana jua hiyo si A20. Hapa Luthuli, ile street ya maduka ya simu na redio, nimeona boksi zimeandikwa majina makubwa na ndani ni kitu ingine kabisa.

Njia ya katikati ni Samsung Galaxy Buds Live ya mtumba, zile za umbo la haragwe za 2020. Hazikutengenezewa kulala lakini ni fupi, zinalala ndani ya sikio. Mimi hulalia hizo. Kasoro ni betri ya mtumba, pima kwanza kabla ulipe.

Sista Zamu

Mimi ni muuguzi na mimi pia nalala mchana kama wewe, kwa hiyo nisikilize vizuri kaka yangu. Kinachoharibu sikio ni sauti ikizidishwa na muda, vyote viwili pamoja. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima kwenye desibeli 80 (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti) asizidi masaa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Sasa piga hesabu, unalala masaa saba kila siku, hayo masaa 40 yanaisha kabla wiki haijaisha na hapo hujahesabu daladala na iafoni za njiani. Dawa sio kuacha, dawa ni kuweka chini. Chini kweli, usikie maneno kwa shida kidogo.

Na weka taima ikuzimie. Spotify wanayo, VLC ipo, iPhone unaingia kwenye saa, kule kwenye taima, unachagua isimamishe kinachocheza. Nusu saa, dakika arobaini na tano, ukishalala sikio halina haja ya hadithi.

Za kuingia ndani ya tundu zinasukuma nta, na kwa joto letu sikio likizibwa lenye unyevu masaa yote fangasi wanapata nyumba. Ukitoka kuoga subiri likauke. Likiwasha usichokonoe na pamba za vijiti, nenda likaangaliwe. Na Kamaa, hizo haragwe zako zikaze vizuri sikioni, 2021 kuna mtu huko Massachusetts aliamka hawezi kumeza maji vizuri, kumbe kameza iafoni usingizini, wakaitoa kwa kamera ya kooni.

Kamaa wa Ngara

Sista si ungesema hivyo mchana, sa hii ndio naingia kulala 😂

Popo wa Mabibo

Asanteni sana, nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Sasa je nikivaa vile vizibo vya sponji vya kiwandani halafu mkanda juu yake? Grenda ife na mvua niisikie? Na jambo lingine, shemeji yenu anatoka asubuhi kwenda sokoni, mtoto wa miaka minne anabaki na dada wa kazi, sitaki nizibe hadi nisisikie mtu akiniita.

Spea za Sauti

Vizibo na mkanda wateja wangu kadhaa wanafanya hivyo wanasifia sana. Inakubidi uongeze sauti kidogo tu.

Sista Zamu

Kidogo tu ndo neno ambalo nalikataa. Kizibo kinapunguza sauti zote mpaka ya mkanda wako, na kinakata zaidi zile nyembamba kuliko nene, kwa hiyo mvua itabaki mvumo tu, haina shida, lakini hadithi itakuwa mtu anaongea akiwa chini ya blanketi, na wewe utapandisha tu. Mvua sawa, hadithi hapana. Na kwa mwenye mtoto ndani mimi nisingeziba masikio yote mawili. Gesi, moto, mtoto kaanguka, unasikiaje?

Mama Tanga Raha

Mwanangu mbona mmesahau spika ya chini ya mto? Ni kijispika bapa kinaingia ndani ya foronya, kuna cha waya na cha blututhi, sikio halivai kitu chochote, hakiumi hakitoki jasho. Sauti unaisikia wewe uliyelalia tu, na mtoto akiita unamsikia. Mimi nasikilizia mawaidha na taarifa ya habari ya usiku, mzee pembeni anakoroma hana habari. Mkanda niliujaribu, haukunifaa, unateremka machoni na kichwa changu kina nywele nyingi.

Ila simu yenyewe usiiweke chini ya mto hasa ikiwa kwenye chaji, inapata moto. Iweke mbali kidogo, blututhi ndani ya chumba inafika.

Na feni unayo? Iwashe ikiangalia ukuta wa upande wa fundi. Mvumo wake unasaidia zaidi kuliko mnavyodhani, na ni bure ukitoa luku.

Popo wa Mabibo

Mama hiyo ya foronya sikuwahi kuisikia, shikamoo kwanza. Nimeamua hivi: spika ya mto siku mtoto yupo, mkanda wa wavu siku akienda kwa bibi yake. Vyote viwili naona vinaingia kwenye sabini nikibana. Jumamosi naingia Kariakoo, Spea, dukani wanakubali mtu ajaribu au ndo ukifungua boksi umenunua?

Spea za Sauti

Marahaba ya mama nimeipokea na mimi 😂. Mwenye duka anayejiamini atakuwashia. Mkanda uvae, halafu egemeza kichwa ukutani kwa upande wa sikio, uuminye kabisa kama dakika tano huku unapiga stori na muuzaji. Ukianza kusikia mahali spika ilipo, weka chini nenda duka la pili. Uliza pia kama inashika simu mara moja ukiiwasha au mpaka ubonyeze bonyeze, kuna nyingine kila siku zinaanza upya. Risiti chukua, na waranti waiandike kwa mkono nyuma yake na tarehe, ya mdomo ikishavuka mtaa wa Msimbazi haipo.