Takwimu za maji Kisumu na Nakuru: kaunti ishurutishwe kisheria?

HOJA: Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na huduma yenyewe ni jukumu la kaunti. Kampuni za maji tayari humpelekea mdhibiti, WASREB, takwimu zao. Je, kaunti nayo ilazimishwe kukusanya zake?

KISUMU: Ilazimishwe. Hesabu ya kampuni huanzia kwenye akaunti ya mteja. Mpangaji wa Nyalenda anayenunua mtungi wa lita 20 kioskini hana akaunti. Kuna laini za mabomba ambazo kampuni humuuzia msimamizi wake maji kwa jumla kupitia mita moja kubwa, naye anayasambaza. Mita hiyo itakuambia maji yaliyoingia mtaani, basi. Yalimfikia nani, saa ngapi, kwa bei gani? Na anayeteka kisima Manyatta, choo cha shimo kikiwa jirani, nani anampimia vijidudu?

NAKURU: Napinga. Sheria haisomi mita. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa iliyobaki bombani huizungusha mita na mteja anabebeshwa bili. Mita iliyochakaa nayo haihesabu maji yanayoingia tangini kidogo kidogo. Msomaji akikuta geti limefungwa, anakadiria. Lazimisha ripoti juu ya hayo, utaletewa makadirio yenye muhuri. Pesa zinunue kwanza mita za kanda, zinazopima maji yanayoingia kila eneo.

KISUMU: Mita za kanda ndizo ninazotaka sheria izitaje! Zisomwe saa nane hadi saa kumi usiku, watu wamelala. Yakipita mengi, bomba linavuja au kuna aliyejiunganishia.

NAKURU: Penye mgao, usiku ndipo matangi hujaa. Utaita uvujaji kitu ambacho si uvujaji.

KISUMU: Kweli, kwa hiyo kanda ipewe maji mfululizo mpaka matangi yajae, ndipo ipimwe. Utaratibu huo uandikwe kwenye kanuni, usiachiwe hiari ya ofisa.

MCHANGIAJI WA TATU: Mnasahau visima virefu vya Bonde la Ufa. Floraidi, madini yaliyomo majini, ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi. Kila kisima kipimwe peke yake, maana wastani wa mji mzima huficha kile kibaya. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, lakini unaweza kudai tu habari ambayo ofisi inayo. Kisima kisipopimwa, hakuna cha kudai. Kwa hilo naunga mkono sharti, mradi bunge la kaunti litenge pesa za maabara katika bajeti hiyohiyo.