Naomba ushauri: nota za marehemu mwalimu wetu wa kwaya

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni katibu wa kwaya ya parokia. Kabatini tuna daftari la nyimbo za misa zilizotungwa na mwalimu wetu aliyefariki mwaka 1994: nota za tonic sol-fa (zile za herufi: d, r, m) kwa mkono wake, sauti zote nne, karatasi zimeanza kulika na mende. Tunataka kuzipiga picha tuziweke mtandaoni, kwaya nyingine zijifunze bure, pamoja na rekodi zetu wenyewe.

Nijuavyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo hizi bado zina mwenyewe. Nimemuuliza paroko, akasema ni mali ya kanisa kwa kuwa zilitungwa kwa ajili ya kwaya. Mtoto wa marehemu ameniambia kwa simu "endeleeni tu", ila ana ndugu zake wengine. Wanakwaya wanasema mtu hawezi kushtakiwa kwa kumsifu Mungu! Sidhani kama COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wangekubali hoja hiyo.

Mkataba wa maandishi hakuna. Mwalimu alikuwa anapewa posho tu.

Naomba kujua: ruhusa ya maandishi niichukue kwa warithi wote au inatosha msimamizi wa mirathi? Na je, ruhusa ya kuimba na kurekodi inahusu pia kusambaza nota zenyewe?