Mchoro wa kituoni ukibabuka anatukanwa msanii, ukuta haukaguliwi!

Wakuu, tuache kumsingizia msanii. Mchoro ukivimba malengelenge kwenye ukuta wa kituo cha treni, muulizeni kwanza aliyeukabidhi huo ukuta.

Zege jipya lina alkali kali (kinyume cha asidi), pH 12 hadi 13 kwenye kipimo kinachoishia 14. Linatakiwa likae siku 28 kwa uchache, na kwenye vituo vya chini ya ardhi hata hizo hazitoshi kwa sababu maji yanapenya kutoka upande wa udongo. Sasa mkandarasi anamaliza plasta wiki moja kabla ya uzinduzi, wakubwa wanataka kukata utepe, msanii anaambiwa "paka". Rangi ya mafuta ikikutana na alkali na unyevu inageuka sabuni. Si utani, ni sabuni kweli: inalainika, inanata, inaachia. Akriliki, yaani rangi ya maji yenye plastiki, inahimili alkali, lakini maji yakizidi kupita yanabeba chumvi, inaganda nyeupe nyuma ya rangi na kuibandua.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Bandika nailoni safi ya sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote nne kwa mkanda, acha saa 16. Ukikuta matone kwa ndani au zege limekoza weusi, hakuna kupaka; katafute maji yanakotoka.

Halafu kuna vanishi ya kukinga mchoro dhidi ya wachafuzi wanaoandika matusi ukutani, hapa ndipo panaponitia hasira. Ile ya poliyurethani (plastiki ngumu) ya makopo mawili yanayochanganywa, ukiipaka kwenye ukuta mbichi umefungia maji ndani, itashuka na mchoro mzima. Ile ya nta hutolewa kwa maji ya moto, ila lazima ipakwe upya kila baada ya kusafisha. Nani katenga hela hiyo? Hakuna! Basi anakuja mfagizi na thina, anafuta matusi pamoja na sura ya mchoro.

Msiniambie mozaiki, picha ya vipande vidogo vya vigae, ndiyo dawa. Inadumu, sawa, lakini pale kituo cha Tottenham Court Road, London, sehemu ya kazi ya msanii Eduardo Paolozzi ya miaka ya 1980 ilidumu hadi ukarabati ulipofika tu; matao ya juu ya eskaleta yakang'olewa 2015.

Na mikataba ni ya mkupuo: rangi, jukwaa la kupandia na bima vyote vinatoka kwenye ujira wa msanii, kisha anatakiwa kurekebisha kwa hela yake ukuta aliokabidhiwa ukiwa unavuja.

Mwenye mkataba ambao matengenezo yanalipwa na mwenye kituo auweke hapa, majina ayafute.