Kuta za vumbi la mbao: anayejijengea aachiwe, au asubiri cheti?

Mkono wa Randa

Nianze na aibu yangu. Nilichanganya ndoo 3 za vumbi la mbao na ndoo 1 ya saruji, nikajaza kalibu, nikafunika turubai. Siku ya nne nilipofunua, kidole gumba kilizama kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Saruji ilikuwa mpya na maji hayakuzidi. Kilichoniangusha ni mti wenyewe: mbao ina sukari na tanini (kemikali ya mti inayotia maji rangi ya kahawia), na zikiyeyukia kwenye maji ya mchanganyiko huchelewesha saruji kushika, au huizuia kabisa.

Mara ya pili nililoweka vumbi kwenye maji ya moto, nikamwaga yale maji ya kahawia, nikarudia, kisha nikaliacha usiku kucha kwenye maji ya chokaa. Siku ya tatu tofali ukiligonga linaitika. Tena ni jepesi, unalibeba kwa mkono mmoja huku wa pili unajifuta jasho.

Swali langu kwenu ni hili. Mtu anayejijengea aachiwe kupandisha kuta za nyumba ya kulala watu kwa mchanganyiko aliojitungia, bila cheti cha maabara? Mimi nasema aachiwe, kwa sharti moja: ukuta usibebe paa. Nguzo na boriti zibebe, vumbi la mbao lijaze nafasi. Nipingeni.

Zege Halilali

Nakupinga, fundi, na kwa heshima zote. Zege la kawaida la nyumba lina nguvu ya megapaskali 20 hadi 30, kipimo cha mgandamizo linaloweza kuhimili kabla ya kuvunjika. La vumbi la mbao, likiwa jepesi kiasi cha kusaidia kuzuia joto, mara nyingi liko kati ya 1 na 5. Hilo halinitishi, maana kila kitu kina kazi yake. Kinachonitisha ni kwamba ndoo yako ya leo si ndoo ya jana. Vumbi hili limetoka mti gani? Lilinyeshewa siku ngapi? Limechanganyika na maganda? Kiwandani wanachagua mti na wanapima unyevu. Wewe unapimia ndoo iliyobonyea.

Halafu hilo neno lako "usibebe paa". Ukuta wa kujaza bado unajibeba wenyewe. Unabeba rafu, mlango unaobamizwa na mtoto anayeegemea. Siku ukiangukia kitanda, aliyelala hatauliza kama ulikuwa ukuta wa kubeba au wa kujaza.

Chokaa Mbichi

Mnazungumza kana kwamba jambo hili limezaliwa jana. Mwaka 1867 Mfaransa Stanislas Sorel alitengeneza saruji ya magnesia, isiyo saruji hii ya kawaida, na baadaye watu wakaichanganya na vumbi la mbao kumwaga sakafu zilizoitwa ksiloliti. Sakafu hizo hazina ubaridi wa zege mguuni, ila zina adui wawili wakubwa: maji yanazivuruga, na chumvi iliyomo ndani inakula chuma. Mwaka 1908 Austria ikapata bodi za Heraklith, ambazo ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa magnesiti, madini yanayotoa magnesia. Miaka ya 1930 wakaja Durisol, na baadaye Umoja wa Kisovieti ukajenga kwa arboliti. Hizi mbili za mwisho ni mbao na saruji, kama anavyofanya fundi wetu.

Lakini si kama yeye hasa. Durisol na arboliti zimejengwa kwa vipande vya mbao, si kwa vumbi laini. Chukua kipande kimoja, kisage kiwe unga, utaona eneo la kugusana na maji limeongezeka mara nyingi sana. Maana yake sukari inatoka kwa wingi na haraka, saruji inahitajika nyingi zaidi kufunika kila punje, na maji nayo yanazidi. Mtu anadhani ameokota malighafi ya bure, kumbe anailipia kwenye mifuko ya saruji. Ningekuwa wewe ningeanza na maranda au vipande, vumbi ningeliongeza kidogo tu la kuziba mianya.

Kwenye sharti lako la nguzo nakuunga mkono. Tofali la Durisol lina matundu, na ndani ya matundu humiminwa zege na nondo. Zege ndilo linalobeba, mbao inazuia joto na kelele. Walifikia uamuzi uleule wako, na wao walikuwa na maabara.

Mpangaji wa Tatu

Nyumba ni yako leo. Kesho utaipangisha au utaiuza. Mimi nitakayeingia na msumari wa kutundika picha nitajuaje kilichoko nyuma ya plasta?

Mkono wa Randa

Hapo umenikamata, ndugu. Naweza kuandika vipimo vya mchanganyiko na aina ya mti, karatasi ikae pamoja na ramani ya nyumba. Lakini nakubali karatasi hupotea kuliko kuta.

Chokaa Mbichi, nimekuelewa kuhusu maranda. Tatizo ni kwamba vumbi ndilo linalojaa bure kwenye mashine za kupasulia mbao. Watu hawajaribu vumbi kwa kuwa ni bora. Wanajaribu kwa kuwa lipo.

Baharia wa Nchi Kavu

Nyinyi mnasumbuka na saruji, wenzenu walitumia maji matupu! Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Geoffrey Pyke alipendekeza meli kubwa ya kubeba ndege iliyotengenezwa kwa barafu. Mchanganyiko uliokuja kupewa jina lake, pykrete, una asilimia 14 ya vumbi la mbao kwa uzito, iliyobaki barafu. Mwaka 1943 kielelezo kilijengwa kwenye Patricia Lake, Kanada. Kina sharti dogo la matunzo: usizime friji.

Natania, lakini kuna jambo ndani yake. Barafu tupu ukiipiga inapasuka vipande. Yenye vumbi la mbao inang'ang'ania, kwa sababu nyuzi zinashikilia ufa usikimbie. Zege la mbao nalo hivyohivyo, halikatiki ghafla. Linabonyea kwanza, linakupa muda wa kuona.

Mama Msumeno

Wanangu, mmetaja nguvu, mmetaja meli, hakuna aliyetaja pua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, lile la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Pua na mianya yake ndiyo huathirika. Sasa fikiria mtu anachekecha magunia ya vumbi kavu kwenye chumba kilichofungwa, akiwa amejifunga kitambaa puani.

Liloweshe kabla ya kulimwaga, vaa barakoa ya kuzuia chembechembe, fanya kazi nje. Na glavu, maana saruji mbichi huchoma ngozi taratibu na utagundua umechelewa. Kisha ulizeni vumbi limetoka wapi. Mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huenda zina aseniki. Vumbi la mbao zilizogundishwa kwa gundi au kupakwa rangi msiliguse kabisa. Kibarua anayekoroga hana habari na mjadala wenu wa cheti, lakini anavuta hewa hiyohiyo.

Zege Halilali

Mama, asante. Hilo nililiruka, na sikupaswa.

Nirudi kwa fundi. Tangu mwanzo tunabishania nguvu, wakati adui mkubwa ni maji. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, ikikauka inasinyaa, na inaendelea na mchezo huo hadi unyevu wake ufikie karibu asilimia 30. Kuigandisha kwenye saruji hakuisahaulishi tabia hiyo. Ndiyo maana plasta ya ukuta wa namna hii hupasuka nyufa nyembamba, maji yanapitia humo, ukungu unafuata, na mchwa akipata unyevu hahitaji mwaliko. Moto nao una siri yake: tofali lenye saruji ya kutosha haliwaki kwa urahisi, ila lenye saruji haba huweza kufuka ndani kwa ndani bila mwali. Usilikaribishe na bomba la moshi.

Kuhusu cheti, nalegeza kamba kidogo. Kwa stoo, banda au kibanda cha zana, jenga upendavyo na ujifunze. Kwa chumba cha kulala bado nataka mtu asiyekuwa wewe alipime tofali lako. Kila mpishi husifu mchuzi wake.

Mkono wa Randa

Nami nakutana nawe katikati, lakini sifiki kwako. Maabara italivunja tofali langu siku ya 28, siku ya kawaida ya kupima nguvu ya saruji, na kunipa namba moja. Namba hiyo haitasema ukuta utakuwaje baada ya masika mawili. Banda linaweza kusema. Kwa hiyo nageuza swali langu: kwa nini taratibu za ujenzi zisikubali ukuta wa majaribio uliosimama mvuani kuwa ushahidi pamoja na kipimo cha maabara?

Chokaa Mbichi

Swali zuri kuliko la kwanza. Ila usije ukaharakisha ukuta wako wa ushahidi kwa kloridi ya kalsiamu. Watu huitia asilimia 2 au 3 ya uzito wa saruji ili ishike upesi, na kweli hushika. Kisha inaanza kula nondo za zile nguzo zako unazozitegemea.

Mkono wa Randa

Siitii. Nimezamisha matofali 6 kwenye pipa tangu asubuhi, 4 ya vumbi na 2 ya maranda. Nimeyapima uzito na urefu. Kesho saa kama hizi nayatoa, nayapima tena, nayaanika, narudia mara 10.

Zege Halilali

Ongeza moja ambalo vumbi lake hukuliloweka kwenye chokaa, la kulinganishia. Na andika jina la mti juu ya kila tofali kwa msumari, si kwa chaki. Maji yatafuta chaki.